Ikiwa tindikali ndiyo inayoyeyusha mfupa, vimeng'enya vina kazi gani?

Muulizaji

Ndugu wanajukwaa, ninasoma baiolojia ya seli chuoni. Kitabu chetu kinaeleza kwamba osteoklasti, yaani seli kubwa yenye viini vingi inayomeng'enya mfupa, hutoa tindikali inayoyeyusha madini ya kalsiamu, kisha kinavitaja vimeng'enya kwa sentensi moja tu na kuendelea mbele. Ikiwa tindikali inatosha, vimeng'enya vinahitajika kwa nini? Na ikiwa vina nguvu ya kumeng'enya mfupa, imekuwaje visiimeng'enye seli inayovitengeneza?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, tindikali haitoshi, kwa sababu mfupa si madini peke yake. Madini hayo yameshikamana na nyuzi za protini, na takriban asilimia 90 ya protini hiyo ni kolajeni ya aina ya kwanza. Mfupa wa kuku ukilowekwa katika siki kwa siku kadhaa hubaki na umbo lake, ila hupindika kama mpira: kilichobaki hapo ni kolajeni.

Osteoklasti hujishikiza juu ya mfupa kwa pete ya nyuzi za aktini, ikaziba eneo dogo lililo chini yake. Ndani ya seli, anhidrezi ya kaboniki ya pili huunganisha kaboni dioksidi na maji, na hatimaye hupatikana protoni na bikabonati. Pampu zilizomo katika utando wenye mikunjo huzisukuma protoni nje kwa nishati ya ATP, huku ioni za kloridi zikizifuata, hadi pH ya eneo lile inashuka kufikia karibu 4.5. Anhidrezi ni kimeng'enya, na pampu ile nayo ni kimeng'enya kinachovunja ATP. Kwa hiyo hata tindikali yenyewe ni zao la vimeng'enya, na mpaka uliowekwa na kitabu chako kati ya viwili hivyo haupo ndani ya seli.

Madini yakiyeyuka, kolajeni hubaki wazi, na hapo ndipo kathepsini K inapofanya kazi. Kimeng'enya hiki cha lisosomu, yaani kifuko cha seli chenye vimeng'enya vya kumeng'enya, kina uwezo wa nadra wa kuukata msokoto wa nyuzi tatu za kolajeni katika sehemu nyingi. Vipande vyake humezwa na seli, hupitishwa katika vifuko hadi upande wa pili, kisha hutolewa nje.

Kuhusu swali lako la pili, kathepsini K hutengenezwa ikiwa na kipande cha ziada cha protini kinachofunika mahali pake pa kukatia, na kipande hicho huondolewa penye tindikali tu. Ikivujia kwenye saitoplazimu, hukutana na pH isiyoifaa pamoja na protini za jamii ya sistatini zinazoizuia.

Jibu la pili

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa wagonjwa. Mwaka 1962 Maroteaux na Lamy walieleza ugonjwa wa kurithi uitwao piknodisostosisi, unaoambatana na kimo kifupi na mifupa inayoonekana mizito katika eksirei lakini huvunjika kwa urahisi. Mwaka 1996 ilibainika kwamba chanzo chake ni kasoro katika jeni ya kathepsini K. Kwa hadubini, osteoklasti zao zipo za kutosha, ila chini yake kuna ukanda wa kolajeni uliokwisha kuondolewa madini na ambao haukumeng'enywa. Tindikali ilifanya sehemu yake, kazi ikaishia hapo. Wanaokosa anhidrezi ya kaboniki ya pili nao hupata osteopetrosisi, yaani mifupa kuwa mizito kupita kiasi kwa sababu haimeng'enywi ipasavyo, pamoja na tatizo la figo kushindwa kutoa tindikali ipasavyo.

Muulizaji

Nimeelewa, nashukuru sana. Je, kuizuia kathepsini K kwa dawa hakuwezi kuwasaidia akina mama ambao mifupa yao hudhoofika baada ya kukoma hedhi?

Jibu la tatu

Jambo hilo lilijaribiwa. Kampuni ya Merck ilitengeneza odanacatib, ikaijaribu kwa wanawake zaidi ya 16,000, na mivunjiko ya nyonga na uti wa mgongo ilipungua kweli. Hata hivyo, hatari ya kiharusi iliongezeka, na mwaka 2016 kampuni iliachana nayo. Kathepsini K hupatikana pia katika ngozi, mapafu na mishipa ya damu, kwa hiyo anayeizuia hagusi mfupa peke yake.

Kwa mwanafunzi wa seli, somo kubwa liko kwingine. Osteoklasti iliyozuiwa kimeng'enya hicho haikufa, bali iliendelea kuwasiliana na osteoblasti zinazojenga mfupa, na ujenzi haukupungua sana kama unavyopungua kwa bisfosfoneti, dawa zinazotumika kuzuia mifupa isidhoofike. Nyingi ya dawa hizo, kama alendroneti, hulenga kimeng'enya kingine ambacho osteoklasti inakihitaji ili iishi na ifanye kazi.

Jibu la kwanza

Nyongeza kwa ajili ya mtihani: fosfatezi ya alkali ni alama ya osteoblasti, ilhali fosfatezi ya tindikali isiyozuiwa na tatareti ni alama ya osteoklasti. Kipimo cha damu kiitwacho CTX ndicho kinachopima vipande vya kolajeni vilivyokatwa na kathepsini K.