Tupeane uzoefu: karatasi za hesabu za watoto na kompyuta usizozizoea

MzaziWaZamu
Wakuu, habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu kuhusu hizi karatasi za hesabu wanazokuja nazo watoto, hasa pale inapobidi uzifungue kwenye kompyuta ambayo hujui hata pa kuizimia.

Naanza na yangu. Laptopu ya nyumbani ilikuwa na Windows 10. Msaada wake ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, mashine ikaonekana haina sifa za kupokea Windows 11, basi shemeji akaja akaiwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Inawaka haraka, hainung'uniki, sina ugomvi nayo. Balaa likaja na karatasi ya hesabu. Mwalimu katuma faili la Word, ukurasa mmoja. Kwangu likafunguka kurasa mbili: pembetatu imehamia ukurasa wa pili peke yake, herufi A, B na C zimebaki ukurasa wa kwanza zikielea pembeni mwa swali la asilimia. Mtoto ananiuliza pembe B iko wapi, namwambia subiri.

Mzazi mwenzangu akanionea huruma, akanakili maswali kwenye kompyuta yake na kunibandikia kwenye ujumbe wa simu. Swali la nne likasomeka: "Tafuta thamani ya 52 + 3." Mtoto kaandika 55. Daftari likarudi na mkasi mwekundu, pembeni imeandikwa 28. Mtoto analia, mimi najumlisha upya kwa vidole, napata 55 ileile. Kumbe mwalimu aliandika 5² + 3. Ile mbili ndogo ya juu imeshuka chini njiani. Kwa hiyo mtoto alipatia kabisa swali ambalo hakuna aliyemuuliza, na alama hakupewa.

Karibuni.

FundiKimya
Pole sana mkuu. Hapo yamekupata mambo mawili tofauti, tusiyachanganye.

La kurasa mbili ni fonti. Word kwa miaka mingi, tangu toleo la 2007, ilikuwa ikianza na Calibri, na Calibri haiji na Linux. LibreOffice, programu inayokufungulia mafaili ya Word huko kwenye Linux, isipoikuta inaazima fonti nyingine, na kama hiyo ya kuazima ni pana kidogo tu, mistari inasukumana, mwishowe mchoro unadondokea ukurasa unaofuata. Mwambie shemeji aangalie kama kuna fonti inaitwa Carlito, na kama haipo aiweke. Ilitengenezwa makusudi iwe na upana uleule wa Calibri. Haiponyi kila kitu, lakini pembetatu nyingi zitarudi kwao.

La kipeo ni jingine kabisa, wala si la Linux. Ukubwa na nafasi ya ile 2 ni pambo tu juu ya tarakimu ya kawaida. Ukinakili kwenda kwenye ujumbe mtupu, pambo linavuliwa, tarakimu inabaki. Hata kwenye Windows ingetokea hivyohivyo.

Mama_Pacha
Mimi nililetewa Mac ya kazini. Kitufe cha kufungia dirisha kimehamia kushoto, kunakili si Ctrl tena bali Command, nikifunga dirisha programu yenyewe bado imo inaendelea. Na ukurasa unakwenda kinyume na nilivyozoea kuusukuma. Niliprinti karatasi za mapacha huku nimeshikilia roho.

BabaMkubwa
Yangu ni fupi ila ilituvurugia nyumba. Zoezi: 2 + 3 × 4. Mtoto kasema 14. Nikafungua kikokotoo cha Windows kumhakikishia, nikabonyeza kama ilivyoandikwa, kikatoa 20. Mama yake akafungua cha kwake kwenye Linux, kikatoa 14. Sasa tuamini mashine ipi? Mtoto anatuangalia kama watu wasiosoma.

MwalimuWaNamba
Shikamoo Baba Mkubwa. Mtoto yuko sahihi, ni 14. Kikokotoo cha Windows kikiwa kwenye hali ya kawaida kinafanya kazi palepale unapobonyeza: 2 + 3 kimeshamaliza, kina 5 mkononi, ukimpa × 4 anakupa 20. Badilisha kiwe cha kisayansi, utapata 14 bila kugombana na mtu.

Ila kwa kuwa umeligusa hilo, niseme la moyoni kuhusu MAGAZIJUTO. Wazazi wengi mnamsaidia mtoto kwa kufuata herufi zilivyopangwa: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Hapo ndipo tunapovuna makosa. Kugawanya na kuzidisha wana cheo kimoja, kujumlisha na kutoa nao hivyohivyo. Wenye cheo kimoja wanahudumiwa kutoka kushoto kwenda kulia. Chukua 10 − 4 + 3. Ukikimbilia kujumlisha kwanza utapata 10 − 7, yaani 3. Jibu ni 9. Nimesahihisha madaftari ambayo ile 3 imepigiwa mstari kwa mwandiko wa mtu mzima.

Kuhusu mafaili, na sisi walimu tunaumia. Nina mazoezi niliyoyaandika miaka mingi kwa kile kihariri cha zamani cha milinganyo kilichokuwa ndani ya Word. Januari 2018 Microsoft walikiondoa kwa sababu ya matundu ya kiusalama. Sehemu na vipeuo vyangu vinaonekana vizuri tu, naweza kuprinti, lakini nikibofya mara mbili nibadilishe namba moja, hakuna kinachofunguka. Kubadilisha 7 iwe 8 kunanilazimu niandike mlinganyo wote upya. Ndiyo maana mnaona watoto wa mwaka huu wanafanya maswali yaleyale ya kaka zao.

Mama_Pacha
😂😂 Mwalimu, kumbe! Mimi nikadhani ni bahati yangu, majibu yote yamo kwenye daftari la kaka yao.

MwalimuWaNamba
Dada, hilo daftari lifiche.

MsaidiziDarasa
Kwangu ilikuwa alama za wanafunzi. Niliambiwa nizipange kwenye Excel: 7/10, 9/10, 16/20 na kadhalika. Naandika 7/10, nabonyeza Enter, inageuka tarehe. Naifuta, naandika tena, tarehe. Lakini 16/20 ikabaki ilivyo, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini! Safu moja, nusu alama, nusu kalenda. Nikaomba wastani, ukaja na wenyewe umevaa tarehe; nikaubadilisha uwe namba ya kawaida, wastani wa darasa ukasoma zaidi ya elfu arobaini na tano. Darasa la magwiji.

FundiKimya
Ndani ya Excel tarehe ni hesabu ya siku kuanzia mwaka 1900, ndiyo maana ukapata maelfu hayo. Na zile 16/20 zilizobaki zilichukuliwa kama maandishi, wastani ukaziruka. Usiandike alama kwa mkwaju kabisa. Tenga safu mbili, moja ya alama alizopata, nyingine ya jumla, halafu gawanya. Kama ni sehemu ya hesabu kweli, mfano robo tatu, andika 0, acha nafasi, kisha 3/4. Hapo itaelewa.

Mtaratibu
Aliyehamia Linux ajue pia kwamba Zoezi.pdf na zoezi.pdf kule ni mafaili mawili tofauti. Nimeshashuhudia mtoto akifanya la wiki iliyopita, na jipya liko palepale chini yake.

MzaziWaZamu
Nashukuruni sana. Carlito imewekwa, pembetatu imerudi ukurasa wa kwanza ingawa herufi C bado iko mbali kidogo na kona yake. Mwalimu, ombi: mnaweza kututumia PDF badala ya Word?

MwalimuWaNamba
Inawezekana, na kwa kweli ndivyo inavyotakiwa. PDF inabeba fonti zake yenyewe. Wengine tunatuma Word ili mzazi aweze kujazia ndani. Nitatuma zote mbili.

Mkilazimika kuandika kipeo kwenye ujumbe, kibodi nyingi za simu ukishikilia 2 kwa muda inakupa ² halisi, na hiyo haishuki chini hata ikinakiliwa. Vinginevyo andikeni 5^2, tutaelewana. Ila msiipeleke alama hiyo kwenye Excel kuhakiki majibu ya namba hasi bila mabano: ukiandika =-3^2 inakupa 9, na kwenye daftari nitaweka −9. Andikeni =-(3^2).