Kupokezana usimamizi wa mradi wa programu huria

Swali (Ngara): Tuko 6, msimamizi ni yuleyule tangu mwanzo na amechoka. Zamu iwe ya muda gani?

Jibu: Miezi 3 haitoshi, mtu anazoea tu na zamu imekwisha. Debian, mradi wa mfumo huria wa kompyuta, huchagua kiongozi kila mwaka. Nyinyi jaribuni miezi 6, na anayefuata amfuate msimamizi kwa karibu toleo zima la programu kabla ya kupokea, kama timu za matoleo za Kubernetes, mradi mwingine mkubwa wa programu huria.

Jibu: Cheo ni rahisi, shida ni funguo, yaani nywila na haki za kuingia! Domeni (anwani ya tovuti) ikisajiliwa kwa barua pepe binafsi ya msimamizi, akiondoka mmekwama. Kama programu yenu iko kwenye PyPI, hifadhi ya mtandaoni ya programu za Python, wekeni wamiliki 2 huko. Wa zamani aondolewe tu baada ya mpya kutoa toleo moja peke yake.

Muulizaji: Na anayepitia msimbo?

Jibu: Huyo asibadilike mwezi uleule msimamizi anapobadilika.