Tarjama ya Kurani ya kumsomea mama: Farsy au Barwani?

BintiMkomani (Lamu)
Assalamu alaykum. Nawauliza wanaojua, wanaotaka kubishana wanisamehe. Mama yangu ana miaka 74. Alikhitimu Kurani chuoni akiwa kijana, na usiku wa kuamkia Ijumaa haumpiti bila Yasini. Juzi katikati ya kusoma aliweka kidole kwenye aya akaniambia: "Miaka yote hii nasoma barua, sijui imeniambiani." Sikuwa na jibu, maana na mimi nasoma kama kasuku.

Nikateremka Ndia Kuu, duka la vitabu. Mwenye duka alikuwa na moja tu, Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy. Nzito kama tofali, na maelezo ya chini herufi zake kama chawa. Ile ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani akasema mpaka ije na basi kutoka Mombasa. Mama ana mtoto wa jicho, kwa hivyo msomaji nitakuwa mimi. Nichukue ipi? Halafu kakangu ananivunja moyo, ati tarjama si Kurani, tunapoteza wakati.

FundiCherahani (Malindi)
Waalaykum salaam dadangu. Ninazo zote mbili hapa karibu na cherahani, moja ina alama ya mafuta, Mungu anisamehe. Tofauti utaiona tangu bismillahi. Farsy anasema "Mwenye kuneemesha neema kubwa kubwa na Mwenye kuneemesha neema ndogo ndogo". Barwani anasema "Mwingi wa Rehema Mwenye Kurehemu", basi, anapita. Farsy hakuachi mpaka uelewe, Barwani anakwenda mbio na maneno yake yana mdundo. Ila kuna neno moja la Barwani silibadilishi kwa lolote: Rabbi anaiita "Mola Mlezi". Mimi nimelelewa na shangazi, kwa hivyo neno hilo nalijua uzito wake.

Kwa kusoma kwa sauti, Barwani. Kwa kuuliza "kwani hapa pana kisa gani?", Farsy na yale maelezo yake ya herufi za chawa.

Shela2
Nunua yenye herufi kubwa. Mjadala umekwisha 😄

MwalimuMstaafu
Bintiyangu, kakako ana nusu ya haki. Tarjama haisomwi ndani ya swala, na thawabu ya kisomo ni ya Kiarabu. Lakini mama hakuuliza thawabu, aliuliza maana. Huko ni kutafuta ilimu, na mwambie kakako nimesema mimi.

Kitabu chochote, fungua ukurasa wa ndani kwanza uone nani kafasiri na nani kachapisha. Ya kwanza kamili kwa Kiswahili, ya 1923, aliifanya Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kianglikana, UMCA. Ya 1953 ilitoka kwa Ahmadiyya, wale waitwao Makadiani, kazi ya Mubarak Ahmad Ahmadi. Farsy aliyaona hayo. Yake nzima ilitoka Nairobi mwaka 1969 chini ya Islamic Foundation, naye wakati huo ni Kadhi Mkuu wa Kenya, na katika maelezo yake utamkuta akipambana na hao Makadiani waziwazi. Usishangae ukidhani umeingia barazani watu wakibishana. Barwani ni wa baadaye, miaka ya tisini. Alikuwa waziri Unguja kabla ya Mapinduzi ya 1964, akafungwa miaka mingi. Msingi wa kazi yake ni Al-Muntakhab, tafsiri ya Kiarabu ya Misri.

Ukipata vile vijitabu vya Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, usiviache. Ni sura za mwanzo tu, lakini ni Kiswahili cha mtu wa pwani yetu.

FundiCherahani (Malindi)
Nilisahau. Barwani yuko kwenye simu pia, bure, unakuza herufi utakavyo. Ila ya simu mara nyingi ni aya tupu, maelezo hayamo.

BintiMkomani (Lamu)
Narudi na habari. Farsy nimeazima kwa jirani, Barwani nimemtia kwenye simu. Jana baada ya isha nikamsomea mama bismillahi zote mbili. Kwa "neema ndogo ndogo" akacheka, akaanza kuzihesabu: kahawa ya asubuhi, upepo wa kusi, paka aliyerudi. Nikadhani Farsy ameshinda.

Kisha nikamsomea Yasini kwa Barwani. Kiunguja hakikumsumbua hata, mara mbili tu aliniuliza neno. Tukafika pale jua na mwezi, na vyote vinaogelea katika njia zao. Akanishika mkono. "Vinaogelea?" Ndivyo, mama. Marehemu baba alikuwa nahodha, alikuwa akimwonyesha nyota usiku wakiwa juu ya dari. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara nne, kisha akasema leo inatosha, akaondoka kwenda kulala bila kunitakia usiku mwema, jambo ambalo si kawaida yake.

Kwa hivyo nazitaka zote mbili, Fundi umeniponza. Kuna mtu anayekuja Lamu na basi la Mombasa wiki hii aniletee Barwani ya kitabu? Pesa natuma leo, nitaipokea Mokowe mwenyewe.