Naomba ushauri: gemu yangu ya bao, Godot au Unreal?

BintiMkwakwani: Hamjambo nyote. Mimi mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Mombasa, naishi Mji wa Kale. Mwaka wa tatu huu natengeneza gemu ya bao usiku watoto wakishalala. Safu nne za bao nimezifanya vichochoro vinne, kila shimo ni mlango wa nyumba, na mchezaji anaanza na kete 22 mkononi. Natumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, na Blender ya kuchorea, zote za bure. Sasa kampuni moja ya Nairobi imeipenda, wanataka kuinunua na kunipa kazi ya kubuni hatua za gemu. Wao ni watu wa Unreal, programu nyingine ya kazi hiyohiyo. Nijifunze upya au nishikilie Godot? Silali jamani.

FundiWaLikoni: Unreal, dada. Lakini angalia kompyuta yako. Yangu ilizima kabisa mwezi wa Ramadhani, nikaibeba mpaka ng'ambo kwa feri, fundi akaniambia ubao wake wa ndani umeungua. Nusu mwaka nilikuwa nachora kwenye daftari la mwanangu.

MamaSwafiya: Watoto wakilala na mama alale. Mume anasemaje?

MwanaKibokoni: Mimi nauliza jingine. Wewe raia wa Tanzania. Kibali cha kazi unacho?

BintiMkwakwani: Nimeuliza habari za Godot.

MwanaKibokoni: Ndiyo, na hujanijibu.

BintiMkwakwani: Haya. Wamesema kibali kitachelewa, basi mkataba uandikwe kwa kitambulisho cha wifi yangu, Mkenya. Pesa ziingie M-Pesa yake. Ameshatia saini. Ni miezi sita tu, na wifi ni mtu wangu, hawezi kunidhulumu. Nafasi kama hii hairudi.

MamaSwafiya: Subhanallah.

MwanaKibokoni: Wifi yako simtilii shaka. Ila mkataba ukisema mbunifu ni yeye, gemu ni yake, na ikiisha jina litakaloandikwa ni lake. Utaombaje kazi ya pili? Mwaka 1979 watengeneza gemu wanne walitoka kampuni ya Atari wakaanzisha yao, Activision, na kinyongo kimoja kilikuwa hicho cha kazi zao kutolewa bila majina yao. Carol Shaw alitoa gemu ya River Raid huko Activision mwaka 1982, hadi leo anatajwa kwa jina. Na kutumia kitambulisho cha mtu ni kesi, yako na ya wifi.

MzeeWaMkeka: Mnahangaika bure, hiki kisa cha kutunga. Kete za bao ni 64, kila mtu 32. Hizo 22 zimetoka wapi? Mtu wa Tanga hakosei bao.

FundiWaLikoni: Hata mimi nilishangaa.

BintiMkwakwani: Mzee wangu, shikamoo. Kumi ziko ubaoni: sita kwenye nyumba, lile shimo kuu, mbili na mbili pembeni yake. 22 ndizo za kunamua, kuziingiza moja moja. Marehemu baba alinifundisha barazani, nikiwa msichana peke yangu kati ya wanaume. Nitunge ili nipate nini?

MzeeWaMkeka: Marahaba mwanangu. Nimekosa, niwie radhi. Bao la kunamua hilo. Na nyumba umeifanyaje?

BintiMkwakwani: Ni mlango wa nakshi. Ukiufikia na kete ya mwisho unachagua: kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, kuzisambaza kete zake. Hatua hiyo pekee ilinichukua miezi minne.

MzeeWaMkeka: Na hiyo ndiyo unataka iandikwe jina la mwingine?

MwanaKibokoni: Umeolewa miaka mingapi?

BintiMkwakwani: Mitano.

MwanaKibokoni: Katiba ya 2010, kifungu cha 15: ukitimiza miaka saba ya ndoa na Mkenya una haki ya kuomba uraia. Kabla ya hapo, kampuni ikuombee kibali yenyewe. Wakikutaka kweli watangoja. Gemu isajili Bodi ya Hakimiliki kwa jina lako na pasipoti yako.

BintiMkwakwani: Wakighairi je?

MwanaKibokoni: Utabaki na gemu. Tovuti ya gemu ya Itch.io hawatozi kuiweka, Google Play ni dola 25 mara moja tu. Karatasi ziko wapi sasa hivi?

BintiMkwakwani: Kwa wifi, Majengo. Anazipeleka kesho asubuhi.

MamaSwafiya: Basi mwache huyo Unreal, mwanangu. Nenda leo.

BintiMkwakwani: Navaa buibui.