Miraba 23 ya mfarishi aliyoiacha shangazi: nitaimaliziaje bila kuiharibu?

Mrithi wa Sindano aliuliza:

Wapendwa washonaji, nawasalimu. Marehemu shangazi yangu ameniachia sanduku lenye miraba 23 ya mfarishi wa viraka, yote imeshonwa kwa mkono, ambayo hakujaliwa kuiunganisha. Nimeitandaza na kuipima: inaonekana alikusudia kila mraba uwe na sentimita 30 kila upande, lakini mdogo kabisa una 29 na mkubwa kabisa unafika 31. Baadhi ina madoa ya manjano kwenye mikunjo, na katika miwili kuna kiraka cha kahawia kinachomomonyoka nikikigusa, ilhali vitambaa vinavyokizunguka ni vizima. Ninajua kutumia cherehani, ila sijawahi kushona mfarishi. Je, nianze kwa kuifua? Na je, nikate ile mikubwa ilingane na midogo, au nifumue mishono yake na kuishona upya kwa vipimo sahihi? Wazo hilo la mwisho linaniumiza, kwa kuwa mishono hiyo naitambua kama ninavyoutambua mwandiko wake.

Fundi wa Viraka alijibu:

Pole kwa msiba, ndugu yangu. Tafadhali usiifue kwa sasa. Kingo za mraba ambao haujaunganishwa ziko wazi, na kwa kawaida kati ya mshono na ncha ya kitambaa huachwa robo inchi tu, yaani milimita 6 hivi. Ukiichovya majini na kuifikicha, nyuzi za kingoni zitachomoka na utakosa pa kupitisha mshono mpya. Madoa yasubiri mpaka mfarishi ukamilike, na hata hapo ufue tu iwapo rangi hazichuji. Jambo hilo unaweza kulipima leo: dondoshea kila rangi tone la maji, ukandamize kitambaa cheupe cha pamba juu yake kwa dakika chache, kisha utazame kama kimepata rangi. Rudia kwa maji yenye sabuni utakayotumia. Nyekundu na buluu nzito zichunguze kwa makini zaidi. Unapopiga pasi, ishushe na kuinua bila kuiburuta, kwa sababu kuburuta huvuta kitambaa kilichokatwa mshazari na kukipotosha umbo.

Kuhusu kile kiraka cha kahawia, nadhani tatizo liko kwenye rangi yenyewe. Zamani rangi nyingi za kahawia na nyeusi zilipatikana kwa kuchanganya tanini (dutu kali itokayo kwenye magome na majani ya miti) na chumvi za chuma, na chuma hicho huendelea kuula uzi wa pamba hata kitambaa kikiwa kimefungiwa sandukuni. Kilichooza hakirudi. Usikibandue: kata kitambaa kipya chenye rangi inayokaribiana, kunja kingo zake, ukishone juu ya kile cha zamani kwa mishono midogo inayoshika vitambaa vizima vya jirani.

Pindo Nyoofu alijibu:

Mimi ningeikata yote ifikie sentimita 29, kwa kuwa miraba inayolingana huunganika upesi na mfarishi hulala vizuri bila kuvimba katikati.

Bibi Cherehani alijibu:

Naheshimu kauli ya Pindo Nyoofu, lakini sikubaliani nayo kwa kazi hii. Iwapo miraba ina nyota au pembe tatu zinazofika ukingoni, kuipunguza sentimita nzima kila upande kutazikata ncha, na ncha hizo ndizo zilizomgharimu marehemu muda mwingi kuliko kitu kingine. Kufumua nako kusifikiriwe kabisa, kwani kitambaa chakavu hakivumilii matundu mapya ya sindano karibu na yale ya zamani.

Badala ya kupunguza, ongeza. Kata vipande virefu vya kitambaa kimoja kisicho na maua, vyenye upana wa sentimita 5, uvishone pande zote nne za kila mraba kwa mshono wa milimita 6. Mraba wa 29 utafikia 36.6 na ule wa 31 utafikia 38.6, hapo sasa ikate yote iwe 36 kamili, ukihakikisha mraba wa shangazi umebaki katikati. Ikishaungana, fremu ya mdogo itaonekana kwa sentimita 3.5 na ya mkubwa kwa 2.5, tofauti ambayo jicho haliikamati kirahisi. Tumia sindano nyembamba ya namba 70 na uzi wa pamba, maana mimi huona heri uzi ukatike kuliko kitambaa kichanike.

Kwa mpangilio, safu 6 za miraba 4 zinahitaji miraba 24, nawe unayo 23. Huo mmoja unaopungua uache mtupu, uudarizi jina la shangazi, jina lako na mwaka wa kila mmoja. Utapata mfarishi wa takriban sentimita 139 kwa 209. Kitambaa cha nyuma na pamba ya katikati vizidi sentimita 5 hadi 10 kila upande, upige bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwenye tabaka zote tatu kuanzia katikati kuelekea nje, na ndipo uanze kutilia mishono ya kushikamanisha.

Mrithi wa Sindano alijibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimepima rangi jana usiku: nyekundu katika miraba mitano inachuja, kwa hiyo nimeamua mfarishi huu hautafuliwa, na madoa yatabaki yalivyo. Nimeshaizungushia fremu miraba miwili kwa kitambaa cheupe kisichong'aa, na ule uliokuwa wa 29 umekaa sawa kando ya ule wa 31. Swali langu moja lililobaki ni kuhusu mishono ya kushikamanisha: je, niitie kwa mkono, ijapokuwa mkono wangu bado ni mzito, au nitumie cherehani?

Bibi Cherehani alijibu:

Kwa mkono, mwanangu, pale penye vitambaa vyake, ukifuata mishono yake kwa nje kidogo. Kwenye fremu nyeupe tumia cherehani bila wasiwasi.