Tupeane uzoefu: Umegongwa na gari, karatasi za bima zimejaa maneno ya kisheria

Mwana wa Rangi Tatu: Wakuu, habari. Mdogo wangu aligongwa na daladala Mbagala, mguu umewekwa vyuma. Bima ya gari wametuletea karatasi: "mdai", "fidia mahususi", "fidia ya jumla", "malipo kamili na ya mwisho". Wakili tunatafuta, ila nataka nimwelewe akianza kuongea. Mliopitia, njooni.

Kondakta Mstaafu: Pole mkuu. Mdai ni dogo wako, mdaiwa ni mwenye gari na dereva wake. Pa kukaza ni kwenye fidia mahususi, yaani hela iliyotoka mfukoni: dawa, magongo, nauli za kliniki. Inatajwa kwenye hati ya madai na kuthibitishwa kitu kwa kitu. Nilipovunjika bega, mke wangu aliweka risiti zote kwenye kopo la maziwa. Hata duka la dawa la mtaani alimganda muuzaji mpaka akaandika na kugonga mhuri. Mahakamani zilisomwa moja moja. Bajaji hazina risiti, hakimu akafyeka nauli yote. Ile ya jumla ni ya maumivu na kilema, hapo hakimu anakadiria kwa ripoti ya daktari.

Wakili wa Kata: Kondakta kasema kweli. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo la kutaja na kuthibitisha fidia mahususi kwenye kesi ya Zuberi Augustino na Anicet Mugabe, 1992. Halafu angalieni muda: madai ya kuumizwa kwa uzembe ni miaka 3, na mazungumzo na bima hayasimamishi saa.

Binti Kisauni: Huku Kenya pia ni miaka 3, na bima lazima ipewe notisi kabla ya kesi au ndani ya siku 30 baada ya kuifungua. Mamangu alianguka akishuka matatu. Bima wakaja na hadithi eti "alichangia ajali", alishuka gari likienda. Mama wa miaka sitini na magoti yake! Jaji akampa asilimia 20 ya lawama: laki tano ikawa nne.

Mwana wa Rangi Tatu: Duh. Na hiyo "kamili na ya mwisho"? Wanataka tusaini Ijumaa.

Fundi Kitunda: Msisaini! Maana yake ukishapokea hudai tena. Binamu yangu alisaini akiwa bado na POP (plasta ngumu). Vyuma vilipotakiwa kutolewa akarudi kwa bima, wakamwonyesha sahihi yake. Upasuaji wa pili tulichangishana ukoo mzima.

Wakili wa Kata: Subirini daktari aandike kilema ni asilimia ngapi na kama kuna upasuaji mwingine, ndipo mtaje kiasi. Mkibanwa, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. PF3 (ile fomu ya polisi ya matibabu) mnayo? Ramani ya ajali ya trafiki?

Mwana wa Rangi Tatu: PF3 ipo. Ramani, trafiki kila siku anasema "njoo kesho".

Kondakta Mstaafu: Andika barua kwa mkuu wa kituo, wakugongee mhuri kwenye nakala yako. Mimi hiyo kesho ilifika siku hiyohiyo.