Anayejiita mtu wa benki akipiga simu msimu wa malipo ya korosho, karani amjibu nini?

Karani, Tandahimba
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninafanya kazi katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Juzi, wakulima wakiwa wamejaa barazani wakiulizia fedha za mnada, alinipigia mtu aliyejitambulisha kuwa anatoka kitengo cha mifumo cha benki yetu. Alimtaja mwenyekiti kwa jina, akataja na kilo tulizouza, kisha akasema malipo yamekwama na yatafunguka endapo nitamsomea tarakimu sita zilizoingia punde kwenye simu ya ofisi. Nilipomwambia nisubiri kwanza mwenyekiti arudi, alifoka kwamba wakulima wakilala njaa nitawajibika mimi. Nilikata simu huku mikono ikitetemeka. Je, nilipaswa kumjibu nini, na tujiandae vipi kabla ya mnada ujao?

Mhasibu, Masasi
Pole sana, na umefanya vema. Hata hivyo, kukata simu pekee hakutoshi, kwa sababu tarakimu hizo hutumwa pale mtu anapojaribu kuingia kwenye akaunti, kuidhinisha muamala au kubadili nywila. Huenda nywila yenu anayo tayari. Ibadilisheni leo hii, kisha mpigie benki kwa namba iliyo kwenye mkataba wenu, wala si kwa ile iliyokupigia. Kilo zisikubabaishe, kwani matokeo ya mnada husomwa mbele ya wakulima, na yeyote aliyekuwapo aliyasikia.

Katibu mstaafu, Lindi
Mwanangu, usibishane naye. Sema, “Nimekusikia, nitapiga mwenyewe tawini,” ukate. Sisi tuliyaandika maneno hayo kwenye karatasi tukaibandika ukutani juu ya simu, maana mtu akishatishwa hakumbuki semina. Namba ya tapeli itumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. La muhimu zaidi, mwenyekiti atamke mbele ya wajumbe kwamba karani atakayechelewesha jambo ili alihakiki hatalaumiwa; bila kauli hiyo, karani ataogopa ukali wa mpigaji kuliko wizi wenyewe. Halafu waulize wenzako kama kulikuwa na simu ya upole kabla ya hiyo ya ukali, kwa sababu kwetu ilianza hivyo.

Karani, Tandahimba
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nywila tumebadilisha, na benki imethibitisha kwamba haikutupigia. Nimemuuliza mlinzi: Jumatatu alipigiwa na mtu mpole aliyetaka kujua ni nani anayeshika simu ya ofisi mwenyekiti akisafiri, naye akamtajia jina langu.